Uzi: Polisi amfuate muuzaji, jamii imfuate mtoto. Mashirikiano ya kuzuia ulevi kwa walio chini ya miaka 18, Unguja na Pemba

#1 Mwanzisha uzi (Mjini Magharibi, Unguja)

Assalaam alaykum. Nimeufungua uzi huu kwa sababu shehia yetu imo katika maandalizi ya kukaa na Jeshi la Polisi juu ya suala la vijana wadogo, wengine wangali skuli, wanaoonekana wamelewa nyakati za usiku. Kila ninapowasikiliza wenzangu naona wengi wanataka jambo moja tu: polisi waje, wavamie maskani, wawakamate watoto na wawalaze kituoni ili wapate adabu. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo mashirikiano ya aina hii yanapoharibika kabla hayajaanza. Rai yangu, ambayo naomba muipime, ni kwamba polisi amfuate muuzaji na jamii imfuate mtoto. Yaani nguvu ya dola ielekezwe kwa mtu mzima anayepata faida, na mtoto abaki mikononi mwa wazazi, walimu, maimamu na maafisa wa ustawi wa jamii.

Sheria inaturuhusu kwenda njia hiyo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Vileo navyo vina sheria yake ya 2020, na ipo Bodi ya Udhibiti wa Vileo inayosimamia leseni. Kwa hiyo muuzaji halali ana kitu cha kupoteza, nacho ni leseni yake. Muuzaji wa uchochoroni hana leseni ya kupoteza, na huyo ni wa polisi moja kwa moja. Mtoto wa miaka 15 aliyelazwa kituoni anapoteza nini? Anapoteza haya iliyokuwa ingali ikimzuia, na asubuhi anatoka na marafiki aliowapata humo ndani.

Haraka yangu ina sababu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya watu walioanza kunywa wakiwa na miaka 14 au chini ya hapo walikuja kuwa tegemezi wa pombe katika kipindi fulani cha maisha yao, ilhali kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi kiwango kilikuwa karibu asilimia 10. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba umri wa kuanza ndio sababu pekee, kwa kuwa mtoto anayeanza mapema mara nyingi huwa na mambo mengine yanayomsumbua nyumbani, lakini zinatosha kutufanya tusiseme kwamba huo ni utoto na utapita.

Kuhusu nani akae katika kikao, nitasema kwa ufupi kwa kuwa shehia hazifanani. Sioni haja ya kuunda kamati mpya yenye jina jipya na muhuri mpya. Kamati za shehia za kupinga udhalilishaji wa wanawake na watoto zipo, skuli zina kamati zao, misikiti ina maimamu, na Polisi Jamii, yaani polisi kufanya kazi pamoja na wananchi, imekuwa ikizungumzwa tangu enzi za aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, IGP Said Mwema. Kilichokosekana ni makubaliano ya maandishi yanayosema nani anafanya nini, nani anamjulisha nani, na baada ya muda gani.

#2 Mkaazi wa Fuoni

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, nia yako ni njema, lakini nina shaka na msingi wenyewe. Takriban watu wote wa visiwa hivi ni Waislamu, na ulevi kwetu ni haramu kwa mtoto, kwa kijana na kwa mzee wa miaka sabini. Tukisimama mbele ya watoto tukasema "chini ya miaka 18", si tutakuwa tumewaambia kwamba siku wakitimiza umri huo mlango umefunguliwa? Mimi ningependa tuwaombe polisi wazifunge baa zote zilizomo katika makaazi ya watu, na hesabu za umri tuziache.

Jengine ambalo watu wanaliogopa: zipo kantini za polisi na vikosi vyengine zinazouza bia. Nani atakwenda kuzikagua hizo?

#3 Mwanzisha uzi

Hoja zako zote mbili ni nzito, na naanza na ya kwanza. Hakuna anayemwomba imamu apunguze neno. Mimbari na madrasa zitaendelea kufundisha kwamba ulevi ni haramu kwa kila umri, na naamini mafundisho hayo yamewazuia watoto wetu wengi kuliko polisi watakavyoweza kuwazuia. Lakini polisi hafanyi kazi kwa hukumu ya haramu na halali. Anafanya kazi kwa sheria iliyotungwa na Baraza la Wawakilishi, na sheria hiyo inatambua leseni za kuwauzia watu wazima. Tukienda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na ombi la kufunga baa zote, atatupokea vizuri, atatusikiliza hadi mwisho, na hataandika kitu, kwa sababu tutakuwa tumemwomba asichokuwa na mamlaka nacho.

Kupinga baa iliyo karibu na skuli au msikiti ni dai jengine, nami naliunga mkono, isipokuwa linapelekwa kwenye Bodi wakati leseni inapoombwa au kuhuishwa, likiwa na muhutasari wa kikao na saini za wakaazi. Ni njia ndefu. Kumuuzia mtoto ni kosa linaloweza kuanza kushughulikiwa wiki hii. Na kwa kuwa umetaja dini, naongeza kwamba viongozi wa makanisa nao waalikwe. Makanisa ya Mkunazini na Shangani yapo tangu karne ya 19, na waumini wao hawana hamu zaidi yetu ya kuwaona watoto wamelewa.

Mtakumbuka pia uhaba wa bia wa mwanzoni mwa 2024, pale leseni za waagizaji zilipobadilishwa na mahoteli yakabaki yakihangaika. Wengi waliuona ule kuwa ni mkasa wa kitalii na wa kisiasa tu. Mimi nilijifunza kwamba ulevi halali unaingia Zanzibar kupitia mikono michache mno, na mikono ikiwa michache, Bodi inaweza kumwambia muagizaji asimfikishie mzigo muuzaji wa rejareja aliyekwisha kuonywa kwa kuwauzia watoto.

Kantini ndizo zitakazoupima ukweli wa mashirikiano haya. Pendekezo langu ni kwamba ombi letu la kwanza kwa kamanda wa polisi liwe hilo: katika kantini iliyo chini yake pabandikwe tangazo, paulizwe kitambulisho, na asitumwe mtoto kwenda kumnunulia mtu mzima. Akikubali kuanza kwake, watu watamwamini akija kwa wengine. Akikataa, ni bora tujue mapema.

#4 Mkaazi wa Wete

Assalaam alaykum nyote. Nawasoma kutoka Wete na naona mnazungumza kana kwamba kukaa na polisi ni jambo la kuandikiana barua tu. Huku Pemba wapo watu wazima ambao polisi kwao ni kumbukumbu ya Januari 2001, pale waandamanaji walipopigwa risasi, watu wakafa, na wengine mamia kwa mamia wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, kutafuta hifadhi. Maridhiano na kura ya maoni ya Julai 2010 iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa yalipunguza mengi, lakini kila uchaguzi ukikaribia hofu hurudi, na kijana anayeonekana akitoka kituoni huulizwa na wenzake amepeleka habari gani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka sheha, yaani kiongozi wa shehia, awe mwenyekiti wa kamati. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na kwa wengi huku yeye ni mkono wa Serikali kabla hajawa jirani. Awepo, tena ni lazima awepo, kwa sababu wakaazi anawajua na barua zote hupitia kwake. Lakini kiti akikalie mtu ambaye watu wa pande zote humpelekea watoto wao bila ya kusita, kama vile mwalimu wa madrasa au mkunga mstaafu.

Jambo la pili ni bahari. Baa zenye leseni Pemba ni chache mno. Kinachowafikia watoto ni tembo lililolala (pombe ya mnazi iliyochacha), gongo, na chupa zinazoshushwa katika bandari bubu. Polisi wa kituo hana chombo cha kwenda kuangalia mashua usiku. KMKM, ambayo kwa jina lake kamili ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ndiyo yenye boti, na wavuvi ndio wanaojua ni chombo gani kimetia nanga bila ya samaki. Mashirikiano yasiyo na KMKM wala kamati za wavuvi yatakuwa yanalinda mlango na dirisha liko wazi.

Na la mwisho ni muhali. Mgema wa tembo ni ami yangu. Anayepika gongo ni mjane anayewalea mayatima, na nyumba yake imepakana na ya mama yangu. Atakayeitwa mahakamani kutoa ushahidi ni mimi. Mkitaka niwataje hao, nambieni kwanza nitarudije nyumbani.

#5 Polisi mstaafu

Nimefanya kazi hii Unguja na Pemba hadi kustaafu kwangu, na nitajibu upande ninaoujua, nikianza na mwenzetu wa Wete kwa kuwa swali lake ndilo linaloua kesi nyingi.

Kuna taarifa na kuna ushahidi, na watu wengi huvichanganya. Taarifa inaweza kutoka kwa mtu ambaye jina lake halitasikika popote. Ushahidi lazima utoke kwa mtu atakayesimama mbele ya hakimu. Jamii ikitoa taarifa nzuri imekwisha kufanya kazi yake. Baada ya hapo ni wajibu wa askari kwenda kupatazama mahali hapo kwa siku kadhaa, kufanya upekuzi kwa utaratibu wa sheria mbele ya shahidi, kuchukua vielelezo na kupeleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali pale inapohitajika kuthibitisha kwamba kilichokamatwa ni gongo. Kesi iliyojengwa hivyo haimuhitaji mpwa wa mgema kizimbani. Kesi iliyojengwa kwa kumtegemea jirani mmoja tu huanguka siku jirani huyo anapopata safari ya ghafla, na sote tumeliona hilo katika kesi za udhalilishaji, ambamo familia hukaa zikasuluhishana na shahidi asitokee tena.

Taarifa nzuri ni ipi? "Pale kwa fulani wanawauzia watoto" haimsaidii mpelelezi. Anachohitaji ni kujua siku gani, baada ya sala ipi, mlango upi, chombo gani kinabebwa, nani anafuata mzigo kwa bodaboda, na watoto wanakwenda kunywea wapi. Chupa tupu zilizookotwa nyuma ya ukuta wa skuli, zikawekwa pamoja na kuandikwa siku zilipookotwa, zinasema mengi kuliko barua ya kurasa tatu yenye nakala kwa kila mkubwa.

Sasa kuhusu dhamana. Muuzaji anakamatwa asubuhi, jioni yuko barazani kwake anakunywa kahawa, na mtaa mzima unasema ameshahonga. Mara nyingi ni dhamana tu, ambayo ni haki ya mtuhumiwa hadi mahakama iamue, na kosa letu sisi askari ni kwamba hatukuwahi kurudi kwa wananchi kuwaeleza hivyo. Sitakuwa mkweli nikisema kwamba rushwa haitokei. Hutokea, na kwa hilo ipo ZAECA, mamlaka ya Zanzibar ya kupambana na rushwa, na makubaliano yenu yaseme wazi kwamba malalamiko ya namna hiyo hayatapitia kwa askari anayelalamikiwa. Dawa ya zile dhana za kila siku, hata hivyo, ni mrejesho: kila mwezi mkuu wa kituo au msaidizi wake aje mbele ya kamati aseme amepokea taarifa ngapi, amekwenda mara ngapi, nani amefikishwa mahakamani na kesi imefikia wapi, bila ya kutaja jina la mtoto yeyote. Nimeona vikundi vya Polisi Jamii vilivyoanza kwa ngoma na fulana vikafa kimya kimya kwa sababu wananchi walikuwa wanatoa tu na hawapokei.

Kitu cha mwisho ni uhamisho. Askari huhama. Mkuu wa kituo mwenye moyo akiondoka, anayekuja hana habari ya ahadi zilizotolewa. Kwa hiyo makubaliano yasainiwe kwa cheo, yawekwe katika jalada la kituo, na kamati iende kumsalimu mkuu mpya mara tu anaporipoti.

#6 Mwalimu wa skuli (Mkoa wa Kusini Unguja)

Ahsanteni. Kwetu sisi wa ukanda wa pwani ya mashariki sura ni tofauti kidogo. Paje na Jambiani zimekua kwa kasi, na mwanafunzi anayetoka skuli mchana anaweza kufika ufukweni kwa miguu, akauza shanga au akawaongoza wageni, na jioni akanunuliwa bia na mgeni ambaye hakuuliza umri wake wala hajui kwamba ni mwanafunzi. Hapo muuzaji hakumuuzia mtoto moja kwa moja. Aliyelipa ni mtu mzima. Kwa hiyo makubaliano yetu lazima yawataje wenye mabaa ya ufukweni na wasimamizi wa sherehe za usiku, na polisi wa utalii wawemo. Kwa uzoefu wangu mameneja wengi si wabishi katika hili, kwa sababu mtoto mlevi mbele ya wageni huwaharibia biashara. Wanachokwepa ni kuitwa kwenye vikao ambavyo mwisho wake ni kuchangishwa.

Naomba niseme juu ya wasichana, kwa kuwa hadi sasa mmezungumza kana kwamba wote ni wavulana. Msichana wa kidato cha pili aliyeleweshwa mara nyingi ameleweshwa na mtu mwenye nia nyengine, na akigundua kwamba akitoa taarifa ataulizwa kwanza kwa nini alikunywa, hatasema kilichomfika baadaye. Anayempokea awe askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na swali la pombe lisiwe la mwanzo. Kwa anayeogopa kituo kabisa, namba 116 ya Simu kwa Mtoto inapigwa bure, Unguja na Pemba.

Jambo dogo la vifungashio: Bara walipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya pakiti ndogo za plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na sababu mojawapo ni kwamba vilikuwa vya bei ndogo na vinaingia mfuko wa sare. Tuangalie chupa ndogo za plastiki kwa jicho hilo hilo.

Na walimu wenzangu mniwie radhi: kumfukuza skuli mtoto aliyekutwa na harufu ya pombe ni kumkabidhi kwa muuzaji kwa saa nyengine sita za mchana.

#7 Mwanzisha uzi

Mwalimu, nakushukuru kwa kunirekebishia rasimu. Niliandika "muuzaji" tu. Sasa itakuwa "muuzaji, mnunuzi kwa niaba ya mtoto, na mwenye eneo".

Kuna waliouliza kwa ujumbe wa faragha iwapo mambo haya yamewahi kujaribiwa kwengine. Yamejaribiwa, na matokeo yake si ya kushangilia yote. Katika miaka ya 1990, huko Marekani, Alexander Wagenaar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walifanya mradi katika jamii 15 za majimbo ya Minnesota na Wisconsin, ambamo wakaazi walijipanga wenyewe kuwabana wauzaji, polisi na mabaraza ya miji badala ya kuwahutubia vijana. Umri wa kisheria huko ni miaka 21, kufuatia sheria ya mwaka 1984. Walipotaka kujua iwapo wauzaji wanauliza vitambulisho, watafiti hawakuwatuma watoto. Waliwatuma watu waliokwisha kutimiza miaka 21 lakini wenye sura za kitoto.

Njia hiyo naipenda kwa mazingira yetu. Kumtuma mtoto wa Kiislamu akanunue ulevi ili kumtega muuzaji ni jambo ambalo hakuna mzazi wala imamu atakayelikubali, na mimi pia silikubali. Lakini mtu mzima mwenye sura ya ujana anaweza kuingia, akaomba, na tukaona iwapo ameulizwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Akiulizwa, anaondoka bila ya kununua na mwenye duka anapelekewa barua ya shukrani. Asipoulizwa, mwenye duka anapata onyo la maandishi lenye nakala kwa Bodi. Hakuna mtoto aliyetumika na hakuna kosa lililotengenezwa.

Utafiti wa baadaye wa watu hao hao, uliochapishwa mwaka 2005, ulitazama ukaguzi unaofanywa na polisi. Mara baada ya kukaguliwa, uwezekano wa muuzaji kumuuzia asiyetimiza umri ulishuka kwa asilimia 17, na katika muda wa miezi mitatu sehemu kubwa ya athari hiyo ilikuwa imekwisha kupotea. Nawaomba wale wanaotaka operesheni moja kubwa yenye kamera za televisheni wausome mstari huo mara mbili. Ziara ndogo inayorudiwa kila baada ya wiki chache ina faida kuliko msafara wa magari mara moja kwa mwaka.

Upande wa kumfuata mtoto, mfano wangu ni Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya wanafunzi wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya siku 30 zilizopita. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5. Walifanya mengi kwa pamoja, zikiwemo fedha za Serikali kwa michezo na muziki, saa za watoto kuwa nyumbani usiku, na kila mwaka kuwauliza wanafunzi wenyewe. Lililonigusa zaidi ni wazazi wanaozunguka mitaani usiku wa mwisho wa wiki kwa makundi. Hawakamati mtu. Wanaonekana tu, wanazungumza na watoto, na wakiona lililozidi uwezo wao wanaita polisi.

#8 Mkaazi wa Fuoni

Nimezisoma zote, na katika suala la umri nimelegea kidogo, ingawa la baa karibu na misikiti nitalifikisha kwenye Bodi mwenyewe, inshaallah.

Hofu yangu sasa ni hao wazazi wa kuzunguka. Sisi tunao ulinzi shirikishi, yaani vikundi vya wakaazi vinavyolinda mitaa, na sote tunajua kwamba baadhi ya vijana wa vikundi hivyo wakipewa fimbo na tochi hujiona wao ndio hakimu. Wamewahi kupigwa watoto waliokuwa wanarudi darsani. Nani atawazuia? Na sikukuu ya Idi inakuja. Usiku wa disko toto, yaani disko za watoto za sikukuu, ndio usiku ambao mambo yote haya hutokea kwa pamoja. Mna mpango gani wa siku hizo?

#9 Mwanzisha uzi

Sheikh, la fimbo nalikubali moja kwa moja. Katika rasimu yetu wanaozunguka watakuwa akina mama na akina baba wa watoto wenyewe, wawili wawili au watatu watatu, bila ya fimbo, na wote majina yao yawe kwa mkuu wa kituo na kwa mwenyekiti wa kamati. Kikundi cha ulinzi shirikishi hakina mamlaka ya kumpiga mtu wala kumpekua mtoto, na kipengele hicho kitaandikwa kwa maneno yasiyofasirika vyengine: atakayepiga anaondolewa siku hiyo hiyo, na aliyepigwa anasaidiwa kufungua malalamiko. Mtoto aliyelewa kiasi cha kutojitambua anapelekwa hospitali kwanza, hasa kwa kuwa gongo huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofua na huua. Nyumbani na kituoni baadaye.

Mtoto aliyekutwa na uwezo wa kutembea anarudishwa kwao. Mzazi hafokewi mbele ya majirani. Siku ya pili anafuatwa na watu wawili, mmoja akiwa mwanamke, wanaomuuliza mtoto ulevi anaupata wapi na fedha anazitoa wapi. Jibu la swali hilo, bila ya jina la mtoto, ndilo linalokwenda polisi. Akikutwa tena anahusishwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya, na iwapo ameanza kutumia na dawa za kulevya tutaomba ushauri wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kwa sababu kumrundika mtoto wa miaka 16 katika soba hausi (nyumba ya kuwarekebisha waraibu) ya watu wazima si jambo ninalolipendelea.

Kuhusu Idi, polisi mara nyingi hutangaza kupiga marufuku disko toto, na tangazo hilo linasaidia viwanja vikubwa kama Mnazi Mmoja na Kariakoo, au Tibirinzi kule Chake, ambako askari wapo. Tatizo huhamia kwenye kumbi ndogo na viwanja vya mitaani ambavyo havikuomba kibali. Tutakachokiomba ni kikao kimoja kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, ambamo mwenye kila ukumbi anaitwa na kutia saini saa ya kufunga, na kamati inapewa namba ya simu ya askari mmoja wa zamu kwa kila usiku wa sikukuu. Namba ya kituo peke yake haitoshi. Siku hizo haipokelewi.

Mzee wetu mstaafu, naomba unisaidie maneno ya kipengele cha mrejesho wa kila mwezi, uyaandike kama yanavyoandikwa ndani ya Jeshi ili mkuu wa kituo asione kwamba anakaguliwa na raia. Ndugu yetu wa Wete, kipengele cha bandari bubu na KMKM nakuachia wewe, pamoja na pendekezo la nani akalie kiti. Mwalimu, ningependa majina ya vyeo vya wale wa ufukweni wanaopaswa kualikwa, bila ya kutaja mahoteli. Rasimu nzima nitaibandika hapa ikishapitiwa na kamati yetu, na kabla ya hapo haitapelekwa kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya.